Baiskeli Isiyotaka Kufika Ukweni

Katika miaka ile ya chama kimoja, hakuna mtu wa Kindu aliyepanda mlima kwa ajili ya kuutazama. Mlima ulipandwa kwa sababu kuna msiba ng'ambo yake, au bei ya mawese ni nzuri ng'ambo yake, au askari yuko nyuma. Kwa hiyo watu wa barabara ya Kalima walipomwona Bulaimu, fundi cherehani wa mtaa wa Mikelenge huko Kindu, ameegesha baiskeli juu ya kilima na kukunja mikono akilitazama bonde, walimwonea huruma. Walidhani jua limemwingia kichwani.

"Ona ule mulima kule," alimwambia mkewe. "Ule wa buluu. Na ule ingine nyuma yake."

"Nimeuona," alisema Scholastique. Alikuwa ameketi kwenye keria ya nyuma, miguu yote upande mmoja, furushi kubwa la vitenge mapajani.

"Umeuona mubaya. Shuka, uuone muzuri."

Scholastique akashuka, wakautazama pamoja. Ulikuwa mlima kama milima mingine, una miti na ukungu. Bulaimu aliusifu mpaka maneno yakamwishia, kisha akageukia mto uliokuwa chini, akausifu na wenyewe. Mtu aliyeishi naye miaka mitatu alijua kwamba kitu pekee ambacho Bulaimu aliwahi kukitazama kwa muda mrefu hivyo ni suruali iliyokatwa vibaya.

Ukweli ni kwamba Bulaimu hakuwa na shida na mlima. Shida yake ilikuwa kufika.

Mchuuzi mmoja wa mawese aliyetoka Kampene ndiye aliyeleta neno. Alisimama mlangoni hata maji hakunywa. "Mujomba Isidore anasema umulete Scholastique, mutoto wao, nyumbani," alisema. "Kuko kikao." Akaondoka, kwa kuwa neno la namna hiyo halina haja ya maelezo. Miaka mitatu ya ndoa na hakuna mtoto. Katika mtaa ambamo kila mwanamume mzima aliitwa Baba Fulani, Bulaimu aliitwa Bulaimu, hivyo hivyo, kavu, na kila aliyeleta suruali kuongezwa upindo alimkumbusha bila kukusudia. Baba yake Scholastique alikwisha kufariki, mama yake alisubiri mpaka akachoka, na huko Kampene kulikuwa na mwanamume mmoja aliyefiwa na mke, mwenye duka na pikipiki, aitwaye Anaclet, ambaye tayari alikwisha kupeleka gunia la chumvi ukoo ule. Gunia zima la chumvi halipelekwi kwa ajili ya salamu.

Lori la kuelekea milimani lilikuwepo, petroli ndiyo haikuwepo. Ikabaki baiskeli.

Hapo ndipo wale wawili walipoanza ujinga wao. Jioni ileile Bulaimu aliitoa baiskeli uani, akaipaka mnyororo mafuta, akakaza kila nati, kwa sababu yeye moyo ukimwuma lazima mikono yake ipate kazi. Scholastique alimwona kupitia dirishani, akajisemea: anaharakisha kunirudisha. Akaenda kufunga vitenge vyake vyote, hata kile cha harusi, ili mtu asije akalazimika kumtumia vitu baadaye. Bulaimu aliliona furushi, akajisemea: amekwisha kuaga. Hakuna aliyeuliza. Walikula ugali wao na sombe ya majani ya muhogo, kila mmoja akimkaribisha mwenzake kwa adabu iliyowatia baridi wote wawili.

Wakavuka Lualaba kwa mtumbwi mpaka Alunguli, baiskeli imelala kati yao, wakaanza safari.

*

Baiskeli ile ilikuwa imetumika miaka mingi bila kulalamika, lakini katika safari hii ilipatwa na kila ugonjwa. Kila walipotoka kijiji walicholala, gurudumu la nyuma lilikuwa limeishiwa upepo. Bulaimu alipiga pampu mpaka jasho likaingia machoni. Wakienda kidogo, gurudumu la mbele likatoboka. Akaligeuza, akatoa tyubu, akatafuta tundu kwenye maji ya mtaro, akabandika kiraka, akangoja gundi ikauke. Alingoja gundi kwa uvumilivu wa ajabu. Scholastique naye hakumharakisha hata mara moja.

"Usikimbize gundi," alimwambia. "Gundi inataka wakati wake."

"Njo vile. Ukiikimbiza inabanduka."

Wapita njia waliwasalimu, wakawapita. Wazee wenye mafurushi ya mikungu ya ndizi waliwapita. Mwanamke mmoja mwenye mbuzi kiwete aliwapita kwenye mwinuko, akawakuta tena jioni kwenye kijiji cha mbele, mbuzi amekwisha kuuzwa.

Katika kijiji hicho mama mwenye nyumba aliwapokea vizuri. Aliwapa mahindi ya kuchoma na maji, akamtazama Scholastique kutoka kichwani mpaka miguuni kama wanavyotazamana wanawake, akauliza swali ambalo huulizwa na kila mtu mwema.

"Na mutoto, mumemuacha na nani?"

Scholastique alikuwa na punje za mahindi mdomoni. Alizitafuna zote kwanza.

"Na bibi yake," alisema.

Alijua mumewe amesikia. Aliona aibu imempanda shingoni, akangoja Bulaimu akohoe au aende nje kuitazama baiskeli. Bulaimu aliendelea kupukuchua hindi lake.

"Iko na meno mawili," alisema. "Ya chini. Anauma watu."

"Wa kwanza ni vile," alisema mama mwenye nyumba, akicheka. "Wanauma sana."

"Huyu anazidisha," alisema Bulaimu. "Juzi aliuma mukono wa shehe."

Scholastique alicheka mpaka ikabidi aombe maji. Usingizi ulimchukua huku bado akimwona yule mtoto ambaye hayupo, akimng'ata shehe. Alimpenda mume wake kwa nguvu iliyomwumiza, akazidi kusikitika kwamba mtu wa namna hii ndiye anayempeleka kumrudisha kwao.

*

Jumamosi waliingia kwenye kizuizi cha barabara. Kilikuwa mti mmoja uliolazwa juu ya mapipa mawili, na kando yake kijana wa jeunesse, umoja wa vijana wa chama, aitwaye Henri, mwenye beji kifuani na miwani ya jua isiyokuwa na kioo kimoja. Wenzake walikuwa wameketi mtaroni na majembe, hawalimi.

"Sitwayen, sitwayen," alisema Henri, kwa lile neno la chama la kumwita mwananchi. "Leo ni Jumamosi. Ni salongo. Hakuna mutu anapita bila kufanya kazi ya taifa."

Salongo ilikuwa kazi ya bure ya barabara, na kila mtu alikuwa na ugonjwa wake wa salongo. Wengine waliumwa kiuno, wengine walikuwa na mgonjwa hospitali, na waliokosa uongo walitoa kuku. Henri alikuwa akisubiri kusikia ni ugonjwa gani.

"Vizuri kabisa!" alisema Bulaimu, akiegesha baiskeli. "Majembe iko wapi?"

Henri alivua miwani yake. "Unasema?"

"Majembe. Tutalima paka jioni. Na kesho, kama kuko kazi, tutalima tena."

"Na hii mutaro ni muchafu sana," aliongeza Scholastique, tayari amekwisha kujifunga kitenge kiunoni. "Nani aliacha mutaro ya chama hivi?"

Vijana wa mtaroni wakasimama. Tangu mti ule uwekwe pale hakuna mtu aliyewahi kuomba jembe. Henri alimvuta mwenzake kando, wakanong'ona, na hofu yao ilionekana wazi kabisa: watu wawili wa mjini, baiskeli iliyopakwa mafuta, bwana mwenye shati lililopigwa pasi, bibi anayekagua mitaro. Hawa wametumwa. Kinshasa imewatuma kupima juhudi ya wananchi wa milimani, na wamewakuta wameketi.

"Sitwayen mukubwa," alisema Henri aliporudi, na sauti yake ilikuwa imelainika. "Kazi shiye tunafanya wenyewe. Kila siku tunafanya. Muende tu kwa salama, musichelewe."

"Hatuna haraka," alisema Bulaimu kwa wasiwasi.

"Hapana, hapana. Mulima hii ya mbele ni mukali. Vijana watawasukuma."

Waliwasukuma kweli. Vijana sita walishika keria, usukani na mabega ya Bulaimu, wakaupanda mlima mrefu kuliko yote ya barabara ile wakiimba nyimbo za chama, mbio, bila kupumzika. Mandhari ilikuwa nzuri kupita yote waliyoyaona, mabonde mawili na maporomoko ya maji, na haikuwepo nafasi ya kutazama hata jani moja. Bulaimu alijaribu kushika breki. Vijana walidhani baiskeli imekwama, wakaongeza nguvu. Scholastique, nyuma, alijaribu kuangusha furushi. Kijana mmoja alilidaka, akamrudishia kwa heshima.

Juu kabisa waliwaacha, wakapiga saluti, wakateremka wakikimbia kwenda kulima mtaro.

*

Wale wawili walibaki wenyewe na upepo. Chini, ng'ambo ya bonde, moshi wa Itabilo ulionekana, kijiji cha akina Scholastique, upande wa Kampene. Kwa baiskeli nzima, ni mteremko mtupu mpaka uani kwa mama yake.

"Pancha tena," alisema Bulaimu upesi mno, ameinama kwenye gurudumu la mbele. Lilikuwa linapuliza.

"Ngoja nitafute mwiba."

"Acha, nitatafuta miye."

Lakini Scholastique alikuwa amekwisha kupiga magoti. Alipitisha vidole juu ya mpira, taratibu, mpaka vikagusa kitu. Akakivuta. Akakiinua juani kati ya vidole viwili.

"Bwana Bulaimu," alisema. "Hii mwiba iko na tundu ya uzi."

Fundi cherehani aliitazama milima yote iliyokuwepo, mmoja mmoja. Hakupata hata mmoja wa kumsaidia.

"Ni sindano ya kushona kaki," alisema mwishowe.

"Tangu Alunguli?"

"Tangu Alunguli. Kila mara mbele, kwa sababu nyuma unakaa weye, ungeanguka."

Scholastique aliketi katikati ya barabara na furushi lake, akacheka mpaka machozi yakatoka, na katikati ya kicheko machozi yakawa machozi kweli. "Ile ya nyuma ilikuwa ya kwangu," alisema. "Kila asubui, ukienda kuomba maji, nilifungua valvu kidogo."

"Weye?"

"Miye."

"Njo maana pampu iliniua mikono!" Bulaimu alikasirika kikweli kwa muda wa pumzi moja. Kisha akaketi barabarani kando yake. "Lakini ulifunga vitenge vyote. Hata cha harusi."

"Uliweka baiskeli mafuta saa ileile. Nikasema huyu mutu amekwisha kunichoka."

"Kukuchoka? Scholastique, miye usiku nasikiliza kama ungali unapumua." Alikuwa hajawahi kusema hivyo, wala hakujua kwamba atasema. "Sitaki kukurudisha. Sitaki hata kama hakuna mutoto. Hata kama hakutakuwa na mutoto kamwe. Tugeuze baiskeli, twende."

Scholastique alitamani sana kukubali. Alitazama njia waliyotoka, akatazama moshi. "Mama ameniita," alisema. "Nikikimbia, watakuja kunitafuta paka Mikelenge, na watu wote watajua. Tuingie tu. Utawambia ile umeniambia hapa."

"Nitawambia."

Kisha wote wawili wakakumbuka kwa pamoja, na Bulaimu akajishika kichwa. Kwa watu wa Itabilo mkwe hasemi mbele ya ukoo wa mkewe. Anakuja na msemaji wake, mtu mzima wa upande wake, na huyo ndiye mdomo wake. Mkwe akifungua kinywa mwenyewe ni sawa na kutukana. Siku ya kuoa, baba yake mdogo Bulaimu ndiye aliyesema yote, na Bulaimu alikaa kama mzigo. Safari hii hakumwambia mtu. Alitumia akili yake yote kupanga jinsi ya kutofika, na mtu asiyefika hana haja ya msemaji.

*

Jumapili, baada ya misa, kikao kilikaa uani. Mjomba Isidore alivaa abakosti yake ya zamani, lile koti la chama lisilovaliwa na tai, amefunga vifungo mpaka kooni ingawa jua lilikuwa kali, akakaa kwenye kiti cha kukunja. Alikuwa mtu wa utaratibu, aliyewahi kuahirisha mazishi kwa sababu watu walikaa vibaya. Mama yake Scholastique alikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango, kwa kuwa yeye na mkwe wake hawatazamani. Scholastique aliwekwa kwenye mkeka wa wanawake, karibu na mlango, mahali pa binti wa nyumba. Bulaimu alipewa kigoda upande wa wageni, peke yake, na nafasi kubwa tupu kushoto na kulia.

"Wageni wamefika," alisema Isidore. "Musemaji wao iko wapi?"

Bulaimu alifungua kinywa. Mkono wa Isidore ulipanda juu kabla neno halijatoka, na watoto waliokuwa ukutani wakacheka.

"Mukwe hasemi," alisema Isidore. "Basi, shiye tutasema."

Walisema. Walimzungumzia mbele yake kana kwamba amekufa. Mmoja alisema miguu yake ni myembamba. Mwingine alisema mwanamume wa kushona hawezi kuzalisha, kwa kuwa anakaa sana. Shangazi mmoja aliuliza kama ni kweli kwamba huko Kindu yeye ndiye anayepika Jumapili, na ilipojulikana kwamba ni kweli, uani pote pakaguna. Walitaja chumvi ya Anaclet, walitaja pikipiki yake. Bulaimu alikaa mikono magotini, maneno yote aliyoyasema mlimani yamemjaa kifuani, hana ruhusa ya kutoa hata moja. Masikio yake yalikuwa yanawaka.

"Miaka mitatu," alisema Isidore. "Na upande wao hauna musemaji. Upande usio na musemaji hauna neno. Kwa hiyo mutoto wetu anabaki nyumbani, na bwana—"

Scholastique alisimama kwenye mkeka. Walidhani anakwenda ndani kwa mama yake. Alipita mbele ya wajomba wote, akavuka ua kutoka upande wa nyumba mpaka upande wa wageni, akakaa chini kando ya kigoda cha Bulaimu.

"Miye njo musemaji wake," alisema.

Makelele yalichukua muda kutulia. Shangazi alisema haijawahi kuonekana. Isidore alikuwa amefumba macho, anatafuta katika kichwa chake chote ni nani aliyewahi kukataza, na utaratibu alioupenda maisha yake yote haukumpa jibu. Hakuna aliyekataza, kwa kuwa hakuna aliyewahi kufikiri kwamba itatokea.

"Musemaji aseme," alisema kwa sauti ya kutopenda. "Lakini aseme sawasawa, kwa heshima ya kikao."

Scholastique alijua maneno. Aliyasikia tangu utotoni, uani hapo hapo, katika vinywa vya wazee waliokuja kuomba wasichana.

"Shiye wageni tumetoka Kindu," alianza. "Tumevuka muto, tumepanda milima. Mikono yetu haina kitu. Tumekuja kuwaomba mutoto wenu."

"Mutoto gani?" aliuliza Isidore, kwa kuwa ndivyo inavyoulizwa.

"Anaitwa Scholastique."

Mtu mmoja alicheka, akanyamaza alipoona yuko peke yake.

"Huyo hakuzaa," alisema Isidore.

"Hakuzaa." Sauti yake ilitikisika, akaishika. "Bwana wetu anajua. Miaka mitatu iko anajua. Anamutaka vile vile. Amesema hata asipozaa kamwe, anamutaka. Na huyo Scholastique, shiye tumemuuliza njiani. Naye anataka."

Bulaimu alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Hakuna aliyemkataza, kwa sababu kulia siyo kusema.

Isidore alitazama upande wa wageni, wawili wamekaa. Alitazama mkeka wa wanawake, mahali pa binti, hapana mtu.

"Kikao hiki kilikuwa cha kumurudisha mutoto wetu upande wetu," alisema taratibu, kwa hasira ya mtu aliyefungwa na kamba yake mwenyewe. "Siwezi kumurudisha musemaji wa wageni. Musemaji wa wageni anarudi na wageni." Akageukia mlango. "Kama mama yake hana neno."

Pazia halikutikisika. Nyuma yake alikuwa mwanamke aliyekwisha kutandika kitanda, aliyekuwa amehesabu kichwani mwake wajukuu wa Kampene na kuwapa majina. Uani walisikia akivuta pumzi, mara moja, na nyingine.

"Wageni wametoka mbali," alisema. "Wapelekewe maji ya kuoga."

Scholastique aliinuka pale pale. Tangu alipokuwa na nguvu ya kubeba ndoo, katika nyumba ile ni yeye aliyewatekea wageni maji, na miguu yake ilikuwa imeshika njia ya mtungi kabla hajafikiri.

"Kaa," ilisema sauti nyuma ya pazia. "Weye sasa ni mugeni. Utaletewa."

Scholastique akakaa. Hapo ndipo alipolia.